Kichocheo cha tindikali kutokana na vifuu vya nazi: mwongozo kwa maabara ndogo za Mtwara na Lindi

Aliyewahi kujaribu kutengeneza biodizeli, yaani dizeli itokanayo na mafuta ya kula, kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki anakijua kisa chake. Unatia potasi (potasiamu haidroksaidi), unakoroga, unalala na matumaini, na asubuhi unakuta uji wa sabuni ndani ya chupa. Kosa si la potasi. Mafuta yaliyochemka siku nzima kwenye karai yamekwisha kuvunjika, yamejaa tindikali huru za mafuta, na tindikali hizo zikikutana na potasi huzaa sabuni kabla biodizeli haijapata nafasi.

Dawa yake ni kuzigeuza kwanza tindikali hizo huru kuwa biodizeli kwa methanoli, yaani pombe ya viwandani, na kichocheo chenye tindikali, kitu kinachoharakisha badiliko hilo, kisha ndipo potasi iingie. Wengi hutumia tindikali ya salfuriki yenyewe, matone machache ndani ya mafuta. Inafanya kazi, ila hairudi tena: unabaki na mafuta makali yanayokula vyuma na maji ya kuoshea yanayotaka kutibiwa. Ndiyo maana mkaa wenye tindikali iliyojishikiza juu yake unavutia. Unauchuja, unauosha, unautumia tena. Mwaka 2005 Michikazu Hara na wenzake huko Japani walionyesha kwamba hata sukari ikiunguzwa kiasi kisha ikapikwa kwenye tindikali ya salfuriki hutoa kichocheo cha namna hiyo. Tangu hapo watu wamejaribu kila taka ya shamba unayoweza kuitaja. Sisi wa kusini tuna vifuu, na maganda ya korosho yamelundikana nje ya kila kiwanda cha kubangulia.

Kabla hujaendelea: huu ni mwongozo wa mwalimu wa kemia, fundi sanifu wa maabara au mwanachuo mwenye kabati la kufyonza moshi na msimamizi. Si kazi ya uani. Tindikali ya salfuriki ya asilimia 98 ikiwa na joto la nyuzi 150 haina msamaha, na methanoli ikinywewa hupofusha na huua. Kemikali hizi zote zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, uliza vibali vyako mapema, na usishawishike kuchemsha maji ya betri ili yakolee.

Chagua malighafi

Anza na vifuu. Vina majivu kidogo sana, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu majivu ni magadi ya asili: humeza tindikali yako kabla haijafanya kazi. Pumba za mpunga zimejaa silika. Maganda ya muhogo huja na mchanga wa shambani. Kifuu kikikwanguliwa makumbi yote kwa kisu na kuoshwa kinakuja kisafi.

Najua utauliza juu ya maganda ya korosho, maana hayo ndiyo tuliyo nayo kwa malori. Yanafaa, lakini si ya kuanzia. Ndani ya ganda mna mafuta yanayobabua, na mama yeyote aliyewahi kubangua kwa mkono atakuonyesha vidole vyake. Ukiyachoma maganda yakiwa na mafuta hayo, mvuke wake unawasha macho na kuchubua ngozi. Ukitaka kuyatumia, tafuta mashudu, yaani maganda yaliyokwisha kukamuliwa mafuta kiwandani, na uyachome mbali na watu.

Na jambo jingine, kwa kuwa niko Mtwara na nimeulizwa mara nyingi: salfa tunayopuliza kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga haiwezi kushika nafasi ya tindikali ya salfuriki. Kijana mmoja alikuja na wazo la kuchanganya unga wa salfa na mkaa na kuuchoma. Utapata moshi wa kukohoza kijiji kizima na mkaa ule ule uliokuwa nao. Tunachokitafuta ni salfa iliyoungana na oksijeni na haidrojeni, ikashikamana na kaboni. Kundi hilo huitwa sulfoniki, nalo huzaliwa kwenye tindikali.

Unguza, lakini usitengeneze mkaa mzuri

Hapa ndipo mazoea ya jikoni yanapotuponza. Mpishi anataka mkaa mgumu, unaolia kama kigae ukiugonga, uliokwisha moshi kabisa. Kwa kichocheo, mkaa huo haufai. Ukiunguza kwa nyuzi 600 au 700, kaboni inajipanga katika tabaka kubwa kubwa zilizotulia, na tindikali haipati pa kushika. Ukiunguza kwa nyuzi 350 hadi 420 hivi, tabaka zinabaki ndogo, zenye kingo nyingi, na kwenye kingo hizo ndipo vikundi vya sulfoniki vinapojishikiza. Mkaa wangu wa kwanza niliuchukua kwa muuza mkaa wa vifuu, mzuri kweli kweli, nikaupika kwenye tindikali kwa saa kumi. Ulitoka kama ulivyoingia.

Ponda vifuu vikavu viwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vijaze kwenye kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, toboa tundu moja dogo kama la msumari juu yake, kisha liweke kwenye moto wa nje au kwenye tanuri. Moshi utatoka kwa nguvu, utawaka kwenye tundu, halafu utapungua. Ukikatika, acha saa moja zaidi kwa joto lile lile, kisha ondoa kopo na uzibe tundu kwa udongo mpaka lipoe kabisa. Ukifungua lingali moto, hewa inaingia na unabaki na majivu.

Mwenye tanuri la umeme aliweke nyuzi 400 na aende zake. Asiye nalo atumie ujanja wa wavuvi: risasi ya chubwi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420. Weka kipande kidogo cha kila kimoja kwenye vikombe viwili vya chuma ndani ya kopo, pembeni, visigusane na vifuu. Ukifungua ukakuta chubwi imeyeyuka na zinki ingali na umbo lake, umepata joto unalolitaka. Vyote viwili vikiwa vimeyeyuka, ulizidisha. Fanya hivyo nje, usishike risasi kwa mikono mitupu, na kopo hilo lisirudi tena kwenye kazi ya chakula.

Utapata mkaa wa uzito wa kama theluthi ya vifuu ulivyoweka. Usage, uchekeche, chukua ule unaopita kwenye chujio la chai lakini unabaki kwenye chekecheke ya unga. Vumbi laini kabisa linatamanisha, lakini litaziba karatasi ya kuchujia na kukupotezea siku.

Kupika kwenye tindikali

Gramu 10 za mkaa mkavu kwa mililita 100 za tindikali ya salfuriki ya asilimia 98, kwenye flaski ya kioo ya duara, juu ya mchanga uliopashwa moto, ndani ya kabati la kufyonza moshi. Usitumie beseni la mafuta: flaski ikipasuka, tindikali kali ndani ya mafuta ya moto ni balaa la pili juu ya la kwanza. Vaa ngao ya uso, aproni, na glovu nene za kemikali. Zile nyembamba za hospitali tindikali hii huzipenya upesi.

Pandisha joto polepole hadi nyuzi 150 na ulishike hapo saa 6 hadi 10, ukikoroga taratibu. Kaboni itanyang'anya tindikali oksijeni na kutoa gesi ya dioksidi ya salfa, hivyo gesi itoke kwa mpira, ipite kwanza kwenye chupa tupu, kisha kwenye chupa yenye mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi. Chupa tupu ina kazi yake. Joto likishuka ghafla, mmumunyo huvutwa kurudi nyuma, na bila chupa hiyo ya kati utaingia moja kwa moja kwenye tindikali ya moto.

Zima, acha ipoe usiku kucha. Siku ya pili mimina mchanganyiko, kidogo kidogo, ndani ya lita moja ya maji baridi yaliyowekwa kwenye karai la barafu. Tindikali iingie kwenye maji. Maji yasiingie kwenye tindikali. Chuja. Tindikali iliyobaki itulize kwa chokaa, kijiko kwa kijiko, kwa sababu hufoka na kupata joto, mpaka karatasi ya litimasi iseme imekwisha.

Kuosha: hapa ndipo kazi ilipo

Ningeambiwa nichague hatua moja ya kusimamia mwenyewe na nyingine zote niwaachie wanafunzi, ningechagua hii. Mkaa uliotoka kwenye tindikali una tindikali za aina mbili. Moja imeungana na kaboni kwa kifungo cha kweli. Nyingine imejificha tu kwenye vitundu kama maji kwenye sifongo. Hiyo ya pili itafanya kazi vizuri ajabu mara ya kwanza: itatoka ndani ya mafuta, itageuza kila kitu, nawe utadhani umefuzu. Bechi ya pili itakufedhehesha.

Mimi ilinifedhehesha mbele ya wageni. Bechi ya kwanza tindikali ya mafuta ilishuka kiasi cha kupigiwa makofi. Nikaosha mkaa ule ule, nikarudia wiki iliyofuata watu wakiwa wamesimama, na mafuta yakatoka kama yalivyoingia. Nilikuwa nimeuosha mara tatu tu.

Osha kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yenye joto zaidi ya nyuzi 80. Koroga dakika kumi, chuja, rudia. Usihesabu mara, pima maji yanayotoka: chukua kidogo kwenye neli ya majaribio, tia matone mawili ya mmumunyo wa bariamu kloridi. Pakitokea wingu jeupe, salfeti ingalipo, endelea. Maji yakibaki maangavu mara mbili mfululizo, umefika. Huenda ikawa mara kumi na tano, huenda ikawa ishirini na tano.

Watu wa pwani wanakosea zaidi kwenye maji yenyewe. Kuosha kwa maji ya kisima ni kuua kichocheo kwa mikono yako. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa, na kila chembe ya sodiamu au kalisi inayopita inabadilishana nafasi na haidrojeni iliyo kwenye kundi la sulfoniki. Haidrojeni hiyo ndiyo tindikali yenyewe. Ikiondoka, unabaki na mkaa wenye chumvi usio na kazi. Usipokuwa na maji ya mvuke ya kutosha, mara za mwanzo osha kwa maji ya mvua yaliyochujwa. Wenzetu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, wamezoea kukinga maji hayo na kuyahifadhi, basi hawana shida. Mara tano za mwisho lakini ziwe za maji ya mvuke.

Kausha kwa nyuzi 105 usiku mzima. Usizidishe ukafika 200, vikundi vya sulfoniki vitaanza kuvunjika. Hifadhi kwenye chupa iliyozibwa, kwa kuwa mkaa huu hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mikindani au Kilwa Masoko unaijua.

Pima kichocheo chako kwa chumvi

Chumvi inayoua kichocheo ndiyo pia inayokipima. Pima gramu 0.2 za mkaa wako, weka kwenye mililita 25 za mmumunyo wa sodiamu kloridi wa moli moja kwa lita, tikisa na uache saa 24. Sodiamu itaingia, haidrojeni itatoka kwenye maji. Chuja, kisha fanya titresheni ya maji hayo, yaani dondoshea sodiamu haidroksaidi ya moli 0.02 kidogo kidogo mpaka rangi ya waridi idumu, na fenolfthaleini kama kionyeshi. Tumia chumvi safi ya maabara. Ile ya mashamba ya chumvi ina magnesiamu na takataka nyingine zitakazokuvuruga.

Tuseme imetumika mililita 8. Zidisha 8 kwa 0.02, unapata milimoli 0.16, gawanya kwa gramu 0.2, unapata milimoli 0.8 za tindikali kwa gramu. Mkaa wa namna hii kwa kawaida huangukia kati ya 0.5 na 2. Ukipata 0.1, rudi kwenye hatua ya kuunguza. Mkaa wa kifuu ambao haukupikwa kwenye tindikali nao upime kwa njia hiyo hiyo, upate cha kulinganisha.

Mafuta nayo yana chumvi

Mafuta niliyoyafanyia kazi zaidi ni ya wakaanga samaki. Mama mmoja sokoni alinitazama nikikusanya masalio ya karai akaniuliza, "Mwalimu, hayo unaenda kukaangia nini tena?" Nilipomwambia ni ya dizeli alicheka, lakini tangu siku hiyo ananiwekea dumu.

Samaki hutiwa chumvi kabla ya kukaangwa, na chumvi hiyo hubaki kwenye mafuta pamoja na maji na makapi. Kwa hiyo usitie kichocheo moja kwa moja. Chuja kwa kitambaa, osha kwa maji ya moto, theluthi moja ya ujazo wa mafuta, acha yajitenge usiku, mwaga maji, rudia mara moja. Halafu pasha mafuta hadi nyuzi 110 mpaka yaache kutoa mapovu. Maji yakibaki yatakuzuia kwa njia nyingine, kwa kuwa kazi yenyewe ya kugeuza tindikali huzaa maji, na yakizidi hurudisha mambo nyuma. Mafuta ya mbono kaburi pia mara nyingi huwa na tindikali nyingi, na njia ni ile ile, ila mbegu zake ni sumu na vyombo vyake vitengwe.

Pima tindikali ya mafuta: mililita 1 ya mafuta kwenye mililita 10 za isopropanoli, matone ya fenolfthaleini, kisha dondosha mmumunyo wa gramu 1 ya sodiamu haidroksaidi kwa lita ya maji mpaka rangi ya waridi idumu nusu dakika. Toa kiasi ambacho isopropanoli peke yake ilikula. Kila mililita inayobaki ni karibu asilimia 0.77 ya tindikali huru. Mililita 9 ni asilimia 7, na kwa potasi peke yake hiyo ni sabuni tupu.

Sasa kazi yenyewe. Gramu 100 za mafuta, mililita 50 za methanoli, gramu 5 za kichocheo, kwenye flaski yenye kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi ndani) iliyosimama wima. Methanoli huchemka karibu na nyuzi 65, hivyo shika 60, koroga kwa sumaku saa 4 hadi 6. Moto wa methanoli mchana hauonekani vizuri, basi pasha kwa jiko la umeme lisilo na cheche. Wapo watakaouliza kama gongo ya mabibo inaweza kushika nafasi ya methanoli. Haiwezi, ina maji mengi mno. Ethanoli ya karibu asilimia 100 inaweza, taratibu zaidi.

Chuja kungali na joto. Acha yajitenge. Methanoli na maji vitaelea juu safari hii, tofauti na gliseroli ya hatua ya potasi ambayo huzama, na wengi humwaga tabaka isiyo yake kwa mazoea. Pima tena. Ikishuka chini ya mililita 1.3, yaani asilimia 1, endelea na potasi kama kawaida: asilimia 1 ya uzito wa mafuta, ndani ya methanoli ya asilimia 20 ya ujazo, nyuzi 60, saa moja. Mkaa huu ungeweza kufanya hata hatua hiyo ya pili, lakini kwa joto la nyuzi 60 utasubiri sana, na joto kubwa zaidi linataka chombo cha kuhimili shinikizo. Kwa maabara ya shule sioni haja.

Bechi ya pili, na ya tano

Kichocheo kilichotumika kioshe kwa methanoli kutoa mafuta, kikaushe kwa nyuzi 105, kipime tena kwa chumvi, kisha kitie kwenye mafuta yale yale, kwa vipimo vile vile. Andika namba hizo mbili, ya bechi ya kwanza na ya pili, kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Namba ya kwanza ikiwa peke yake haina maana kwangu.

Nguvu ikishuka ghafla kati ya ya kwanza na ya pili, hukuosha. Uhakikishe hivi: pasha mkaa mpya kwenye methanoli nyuzi 60 kwa saa moja, chuja, itumie methanoli hiyo kwenye mafuta bila mkaa wowote. Tindikali ya mafuta ikishuka, ujue kuna kitu kimevuja kutoka kwenye mkaa. Nguvu ikishuka pole pole, bechi baada ya bechi, huenda ni chumvi ya mafuta imeshika nafasi. Hiyo inatibika: loweka mkaa saa chache kwenye tindikali ya salfuriki nyepesi ya moli 1, kisha rudia kuosha mpaka bariamu inyamaze. Ikiwa haijarudi hata baada ya hapo, vikundi vyenyewe vimeng'oka pamoja na vipande vidogo vya kaboni, na dawa ni kupika mkaa mpya.

Mkaa uliochoka usiutupe jikoni eti ni mkaa tu. Ndani yake mna salfa, na ukiwashwa utatoa gesi ile ile uliyohangaika kuizuia kwenye chupa ya sodiamu haidroksaidi. Uloweke kwenye maji ya chokaa, uukaushe, uufungie kwenye dumu uliloandika jina lake, na uupeleke pamoja na taka nyingine za kemikali za maabara.